Naomba ushauri: "Nembo rasmi ya ukoo wa Campbell" inayouzwa mtandaoni ni ya kweli? Nataka kuichongesha kwenye mbao

BintiPwani_Paisley

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni.

Mume wangu ni Mskoti, wa ukoo wa Campbell. Baba mkwe anatimiza miaka 70 na tumepanga kumpa zawadi ya mbao iliyochongwa nembo ya ukoo wake. Tutachongesha mbili: moja itatundikwa kwake Paisley, Uskoti, nyingine sebuleni nyumbani kwetu Tanga. Fundi yupo, anasubiri mchoro tu.

Mtandaoni nimekuta duka linauza "nembo rasmi ya jina la Campbell" pamoja na cheti na ukurasa mmoja wa historia ya jina, pauni 35. Ni ngao iliyogawanywa pembetatu nane, njano na nyeusi. Duka la pili wana hiyohiyo lakini imeongezwa jahazi. La tatu hawana ngao kabisa, wana kichwa cha mnyama kimezungushiwa mkanda.

Ipi ndiyo yenyewe? Hicho cheti kina thamani yoyote? Na tukitaka kujua hawa Campbell wa mume wangu walitokea wapi hasa, tunaanzia wapi? Kwao wanasema tu "sisi ni watu wa Argyll (magharibi mwa Uskoti), damu moja na Duke". Nawasilisha.

---

NgaoNaMkuki

Dada, hiyo pauni 35 iache mfukoni. Hakuna nembo ya jina. Uskoti nembo ya ngao ni ya mtu mmoja, kama hati ya kiwanja: kuitwa jina moja na mwenye kiwanja hakukupi kiwanja. Akifa inakwenda kwa mrithi wake, na watoto wengine wakitaka kuitumia wanapaswa kuandikishiwa yao yenye alama ya kuitofautisha na ya baba.

Hili si suala la adabu tu, ni sheria. Tangu 1672 kuna daftari la nembo zote za Uskoti, linalotunzwa na Court of the Lord Lyon, Edinburgh. Ile ni mahakama kweli, ina mwendesha mashtaka wake, na ina uwezo wa kuamuru kitu chenye nembo ya mtu mwingine kiondolewe. Hawatakuja Paisley kubisha hodi kwa ajili ya zawadi ya mzee, lakini jirani anayeijua nembo ataitambua, na kwa macho yake baba mkwe atakuwa amejitangaza kuwa chifu.

Maana pembetatu nane za dhahabu na nyeusi, zikiwa peke yake bila nyongeza, ni za chifu wa Campbell, yaani Duke wa Argyll, mwenye makao Inveraray. Matawi ya ukoo (Cawdor, Breadalbane, Loudoun na mengine) yanatumia msingi huo lakini kila moja lina tofauti yake: rangi zimebadilishwa, au umezungushwa ukingo, au limeongezwa robo la nembo nyingine. Jahazi la duka la pili nalo ni la chifu. Ni nembo ya Lorne, iliyoingia kwenye ngao yake baada ya ukoo kupata utemi wa Lorne, eneo la huko Argyll, katika karne ya 15.

Cheti cha dukani hakitambuliwi na mtu yeyote. Wanachofanya wauzaji wale ni kuwa na kanzidata ya majina. Ukiandika jina wanakutolea ngao ya mtu yeyote aliyewahi kuliandikisha, hata kama aliishi nchi nyingine na uzao wake umekwisha.

Duka la tatu ndiyo jibu lako. Kile ni kichwa kinachokaa juu ya kofia ya chuma katika nembo ya chifu, kikazungushiwa mkanda wenye bizimu na maneno yake NE OBLIVISCARIS, yaani "usisahau". Mkanda ndio unaosema "mimi ni mfuasi wa chifu huyu", si chifu mwenyewe. Mtu yeyote wa ukoo anayemkubali chifu anaruhusiwa kuivaa au kuitundika, na haihitaji kibali.

Tahadhari moja kwa fundi: asiongeze manyoya ya tai nyuma ya duara ili lipendeze. Manyoya matatu ni ya chifu, mawili ni ya mkuu wa tawi, moja ni la mtu mwenye nembo iliyoandikishwa. Baba mkwe hana hata moja mpaka ithibitike vinginevyo.

---

Chumbageni Boy

Mkuu hapo juu amepita haraka kwenye jambo moja. "Kichwa cha mnyama". Mnyama gani? Mleta uzi, huyo ni nguruwe. Nguruwe mwitu, wa dhahabu, ametoa na meno. Sebuleni Tanga. Halafu mabibi wanakuja Idi 😂

Wekeni jahazi. Pwani jahazi hakuna atakayelihoji.

---

NgaoNaMkuki

Ni kweli, ni nguruwe mwitu, na nilipaswa kumtaja kwa jina. Lakini jahazi halifai, sababu nimeshaieleza: ni robo la nembo ya chifu. Chombo cha makasia na mlingoti mmoja, cheusi kwenye uwanja wa fedha, tanga limekunjwa, bendera nyekundu. Mkichonga mashua ya kawaida ya Kiswahili, ngalawa au dau, hakuna wa kuwadai, ila hapo haitakuwa tena alama ya Campbell.

Kuna njia nyingine ambayo watu huisahau. Kila ukoo wa nyanda za juu za Uskoti una mmea wake, uliokuwa ukichomekwa kwenye kofia. Wa Campbell ni kichaka cha maeneo ya majimaji, kwa Kilatini Myrica gale. Mmea hauna masharti yoyote. Chongesheni tawi lake, chini yake jina CAMPBELL, basi. Usiuweke ndani ya mkanda wa bizimu. Mkanda ni wa kichwa cha chifu, ukichanganya viwili hivyo mtu anayejua atauliza ulichotaka kusema.

---

BintiPwani_Paisley

Kichwa hakiingii nyumbani, hilo limekwisha 😅 Paisley nguruwe, Tanga mmea. Asanteni sana, nilikuwa nimebakiza kubonyeza kulipa.

Sasa la chimbuko. Tulichonacho ni jina la babu yake mume wangu na kijitabu cha ukoo kilichonunuliwa Inveraray.

---

Msomanyaraka

Kijitabu kiwekeni kando kwanza. Kinaeleza historia ya machifu: Gillespic Campbell anayetajwa kwenye nyaraka za mwaka 1263, mwanawe Cailean Mór aliyeuawa vitani miaka ya 1290, na ndiyo maana hadi leo chifu huitwa kwa Kigaeli Mac Cailein Mòr, yaani uzao wa Cailean Mór. Historia nzuri na ya kweli, lakini haiwahusu mpaka mmethibitisha. Kosa la kwanza la kila mtu ni kuanzia juu kwa mtu maarufu akashuka kumtafuta babu yake. Anzeni na baba mkwe, mpande hatua moja moja, na msivuke hatua ambayo haina karatasi.

Uskoti mna bahati, kumbukumbu zake ni nzuri kuliko za England. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Januari 1855, na zote zinapatikana kupitia tovuti ya serikali, ScotlandsPeople. Kutafuta kwenye faharasa ni bure. Kufungua picha ya ukurasa wenyewe ni pointi 6, na pointi moja ni peni 25, kwa hiyo pauni 1.50 kwa ukurasa. Kutoka kwa babu mpaka 1855 mtahitaji kurasa kama 12 mkiwa waangalifu. Pauni 18. Linganisha na ile 35 ya cheti cha dukani.

Kuna kizuizi cha muda: mtandaoni picha za vizazi hufungwa kwa miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Baba mkwe wa miaka 70 hataonekana, na ndoa ya wazazi wake huenda nayo bado. Hapo kuna njia mbili. Mnaweza kuagiza nakala rasmi, au kwa kuwa mko Paisley, mwende Mitchell Library ya Glasgow. Wana huduma ya ScotlandsPeople ambapo unalipa ada ya siku na kufungua kumbukumbu zote, hata za karibuni, kwenye kompyuta zao. Weka miadi kabla ya kwenda. Na kama mna cheti cha kuzaliwa cha baba mkwe nyumbani, hakikisheni ni kile kirefu. Kifupi hakina majina ya wazazi na hakisaidii chochote.

Mtiririko ni huu. Cheti cha kuzaliwa cha Uskoti kinataja baba, mama kwa jina lake la kuzaliwa, na tarehe na mahali wazazi walipofunga ndoa. Hiyo tarehe ndiyo ufunguo, inakupeleka moja kwa moja kwenye cheti cha ndoa, ambacho kinataja wazazi wote wanne, umri na kazi za maharusi. Umri unakupa mwaka wa kuzaliwa wa kizazi kinachofuata. Kisha mtafuteni huyo mtu kwenye sensa, ambazo ni kila miaka kumi, 1841 hadi 1921. Sensa inaonyesha nyumba nzima na, kuanzia ile ya 1851, parokia aliyozaliwa kila mtu. Cheti cha kifo nacho kinataja wazazi wa marehemu, lakini kiaminini kwa kiasi: aliyetoa taarifa akiwa mpangaji mwenzake badala ya mtoto, jina la mama huwa la kukisia.

Mkibahatika kupata mtu aliyezaliwa, kuoa au kufa mwaka 1855 penyewe, fungueni hata kama si wa mstari wenu wa moja kwa moja, ilimradi ni ndugu. Mwaka huo fomu iliuliza mambo mengi kupita kiasi, hadi umri wa wazazi na walikozaliwa. Makarani wakaelemewa, mwaka uliofuata maswali yakapunguzwa. Hata ile tarehe ya ndoa ya wazazi iliondolewa, ikarudi 1861, kwa hiyo msishangae kuikosa kwa mtoto wa 1858.

Kabla ya 1855 mnaingia vitabu vya parokia vya Church of Scotland. Hapo ndipo kazi inakuwa ngumu. Kwanza vinaandika ubatizo, si kuzaliwa. Pili, havikuwa lazima, na Wakatoliki na waliojitenga na kanisa hilo mara nyingi hawamo. Tatu, cha kale kuliko vyote kinaanza 1553, lakini huko magharibi kwenye Argyll parokia nyingi vitabu vyake vinaanza karne ya 18, vingine na mapengo ya miaka. Familia nyingi hukwama kati ya 1760 na 1800, na kukwama hapo si aibu.

Na msisahau tahajia. Karani aliandika alivyosikia: Campbel, Cambell, Cammell, Camble. Tafuteni kwa nyota, ambayo husimama badala ya herufi zozote, kwa mfano Cam*l*, la sivyo mtasema hayupo kumbe yupo mstari wa chini.

---

Kaka wa Muheza

Swali fupi kwa Msomanyaraka: ukifika Argyll ya mwaka 1800 si kila mtu anaitwa John Campbell? Utajuaje wa kwako ni yupi?

---

Msomanyaraka

Ndivyo ilivyo, na hapo ndipo miti mingi ya ukoo ya mtandaoni huharibika: mtu anachukua John wa kwanza anayemwona. Usitafute John, tafuta ndoa. John Campbell wako hamsini, lakini John Campbell aliyeoa mke mwenye jina fulani la ukoo katika parokia fulani mara nyingi ni mmoja au wawili. Wanawake wa Uskoti waliendelea kuandikwa kwa majina yao ya kuzaliwa hata baada ya kuolewa, hivyo mke ndiye anayekutambulisha mume. Halafu linganisha jina la shamba au kijiji, na kazi.

Kuna na desturi ya kurithisha majina: mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wa kike wa kwanza bibi mzaa mama, wa pili bibi mzaa baba. Haikufuatwa na wote, kwa hiyo iwe dokezo, isiwe ushahidi. Ukibaki na wawili usioweza kuwatenganisha, simama. Andika "hapa hatuna uhakika" na uishie hapo.

---

NgaoNaMkuki

Niongeze kwa nini "damu moja na Duke" ni jambo la kuthibitisha na si la kurithi kwa mdomo.

Jina la ukoo Uskoti halikuwa la damu peke yake. Wapangaji wa ardhi ya chifu walichukua jina lake, wengine kwa ulinzi, wengine kwa sababu karani alitaka jina la ukoo nao walikuwa wakitumia "mwana wa fulani, mwana wa fulani". Halafu kuna ukoo wa MacGregor. Mwaka 1603, baada ya mapigano ya Glen Fruin, jina lao lilipigwa marufuku. Kuitwa MacGregor kuliweza kukupeleka kwenye kitanzi. Marufuku iliondolewa 1661, ikarudishwa 1693, ikafutwa kabisa 1774. Katikati hapo MacGregor wengi waliishi kwa majina ya kuazima: Drummond, Murray, Stewart, na Campbell pia. Kwa hiyo Campbell wa leo anaweza kuwa, kwa upande wa baba, mtu wa ukoo uliokuwa hasimu wa Campbell. Zaidi ya hapo, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa mara nyingi alibeba jina la mama. Na Campbell wa Jamaica ni wengi mno, na wengi wao jina lilifika kupitia utumwa na mashamba ya Waskoti kule.

Mkikwama kwenye vitabu, kuna kipimo cha vinasaba cha kromosomu Y, kinachokwenda kutoka baba hadi mwana. Apimwe baba mkwe au mume. Binti hana kromosomu hiyo. Kupima alama 37 za kromosomu hiyo kunatosha kukuonyesha kama uko karibu na kundi la Campbell waliopimwa au uko mbali kabisa. Kukwambia babu alikuwa nani, hapana. Na jiandaeni kwa jibu lolote kabla ya kumtumia mzee kifaa cha mate siku yake ya kuzaliwa.

---

Mvuvi_254

Mimi nauliza kando. Wagoa wa Mombasa (wenye asili ya Goa, India) wenye majina kama Fernandes na de Souza, nimeona wakiuziwa nembo za Kireno. Hizo je? Na mtu mwenye jina la Kijerumani?

---

NgaoNaMkuki

Kwa Wagoa nyingi hazina msingi. Familia nyingi za Goa zilipata majina ya Kireno wakati wa ubatizo, kutoka kwa padri au msimamizi wa ubatizo. Jina lilitolewa, nembo haikutolewa. Chimbuko lao la kutafuta ni kijiji cha Goa na vitabu vya parokia ya pale, siyo Lisbon.

Ujerumani ni tofauti. Kule hata familia za kawaida zilijitungia nembo na hakuna mahakama ya kuzitoa; zipo daftari za vyama, kama ile ya Der Herold ya Berlin. Lakini hata huko nembo ni ya uzao wa mtu fulani. Müller mmoja kuwa na nembo hakumpi Müller mwingine.

Kwa taarifa tu, Kenya nayo ina sheria yake ya College of Arms (chombo cha kuandikisha nembo) tangu miaka ya 1960. Inatumika zaidi kwa taasisi.

---

BintiPwani_Paisley

Swali langu la mwisho upande huo: ikitokea tumethibitisha, au hata tusipothibitisha, mume anaweza kupata nembo yake mwenyewe?

---

NgaoNaMkuki

Anaweza kuomba. Anaandika ombi kwa Lord Lyon, anaambatanisha mnyororo wa vyeti alioueleza Msomanyaraka, kila kiungo na karatasi yake. Akithibitisha kwamba anashuka kwa upande wa baba kutoka kwa mtu aliyeandikishwa, anapewa nembo hiyo ikiwa na alama ya tofauti ambayo mahakama inaichagua. Asipothibitisha, anaomba mpya. Kwa kuwa jina ni Campbell, kwa kawaida watamchorea inayojengwa juu ya zile pembetatu nane, ikiwa na tofauti ya kutosha kuonyesha kwamba undugu wake na chifu haujulikani ulivyo. Gharama inapita pauni 1,000, na inachukua muda mrefu, usiipange kwa siku ya kuzaliwa. England, College of Arms, ni zaidi ya pauni 7,000, kwa hiyo shukuruni mko Uskoti.

Na afadhali aombe baba mkwe badala ya mume. Akipewa yeye, uzao wake wote una pa kuanzia.

---

Fundi Nakshi

Nimefuatilia kimya, sasa niseme ya mbao.

Ile ya Paisley usichonge kwa mninga. Mininga ya Afrika iliingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na hata kama kitu kilichokamilika huwa kinapita, hutaki kubishana na mtu wa forodha kuhusu jina la mti. Tanga mna mtiki wa Longuza pale Muheza, ni mti wa kupandwa, hautanuki wala kusinyaa sana na unakubali patasi.

Adui wa mbao ya Paisley ni joto la ndani. Mbao iliyokauka kwa unyevu wa pwani ikifika nyumba yenye hita hukauka tena na kupasuka. Msitumie ubao mmoja mpana. Gundisheni mitatu ya upana wa sentimita 11 hivi, pete za mti zikipishana juu na chini, unene sentimita 4, kisha pigeni randa mpate mraba wa 32. Pakeni mafuta mbele na nyuma kwa idadi ileile ya mipako. Wengi huacha nyuma, mbao inapinda.

Mchoro: duara la nje sentimita 26, mkanda upana sentimita 3. Maneno ni herufi 14 na nafasi moja, hivyo kila herufi ina nafasi ya kutosha. Kimo milimita 15, usishuke chini ya 12, mistari ya ndani itakatika. Yaanze kushoto na kusomeka kupitia juu. Bizimu ikae chini na ncha ya mkanda ining'inie. Kina cha kuondoa uwanja milimita 8.

Kichwa kinatazama kushoto kwako unayekiangalia. Hapo ndipo mafundi hukosea: anageuza karatasi ya kunakili, kichwa kinatazama kulia na herufi zinarudi nyuma. Mwambie aandike JUU na MBELE kwenye karatasi kabla ya kuibandika. Shingo ikatwe wima na laini. Ikichongwa yenye manyoya yaliyochanika inakuwa alama tofauti. Rangi si lazima. Akitaka kuweka, kichwa dhahabu, meno fedha, ulimi mwekundu, basi.

Ya Tanga: jani la huo mmea ni jembamba chini na pana kuelekea ncha, na vijino vichache karibu na ncha tu. Fundi asipopewa picha atakuchongea jani la mkarafuu. Majani saba hadi tisa yanatosha, tawi liwe refu kidogo kuliko jina lililo chini yake. Na hakiki tahajia ya CAMPBELL kwa penseli juu ya mbao kabla ya patasi, ile P hurukwa sana.